Nani Ameandika? Kuhusu sitiari moja ya maabara

Katika kila mhadhara wa epijenetiki niliowahi kuhudhuria, hufika slaidi moja ambayo ningeweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Kushoto kuna kalamu, katikati miwani, kulia kifutio. Chini ya kalamu kuna majina ya protini: DNMT1, DNMT3A, DNMT3B. Chini ya miwani yupo MeCP2 na wenzake. Chini ya kifutio wapo TET1, TET2 na TET3. Mhadhiri husema kwamba hawa ni waandishi, hawa wasomaji, na hawa wafutaji, kisha hubonyeza kwenda slaidi inayofuata kana kwamba amesema jambo dogo.

Nasomea uzamili wa biolojia ya molekuli, na kwa muda mrefu slaidi hiyo ilinifaa. Ilinisaidia kukariri kwa ajili ya mtihani. Sikuwahi kuiona kuwa ni sitiari, kama vile mtu asivyoona sitiari yoyote katika mguu wa meza. Niliiona siku niliyoisema kwa Kiswahili, kwenye simu, nikimweleza dada yangu, na ikanigeuka mdomoni.

Dada anaishi Tanga. Mwanawe wa pili alizaliwa na uzito wa kilo mbili kasoro kidogo. Sasa ana miaka mitatu na maneno yake hayazidi kumi. Mimba ile ilikuwa ya taabu: shemeji hakuwa na kazi, kuna miezi mlo ulikuwa mmoja kwa siku, na hata huo mmoja dada alimtanguliza mtoto mkubwa. Juzijuzi, kwenye kundi la WhatsApp la kina mama, alitumiwa sauti ya mtu aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa lishe, akisema kwamba njaa na majonzi ya mama mjamzito huandikwa kwenye jeni za mtoto. Akanipigia. "Si wewe unayesomea mambo haya? Ni kweli?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa. Nilimwambia kwamba jeni zenyewe hazibadiliki, bali kuna alama ndogo zinazokaa juu yake. Kuna protini zinazoandika alama hizo, nyingine zinazozisoma, na nyingine zinazozifuta. Nilitegemea neno kufuta limpoze. Halikumfikia. Alikuwa bado amesimama kwenye neno la kwanza.

"Kwa hiyo imeandikwa," alisema. Akanyamaza kidogo. "Na aliyeandika ni mimi."

Nimeikumbuka sentensi hiyo mara nyingi kuliko mhadhara wowote. Dada hakukosea kusikia. Alisikia Kiswahili. Katika Kiingereza cha maabara, neno la mwandishi limeoshwa hadi likabaki kama jina la kifaa; mtu hulitamka bila kumfikiria anayekaa mezani na kutunga. Sisi hatujaliosha. "Imeandikwa" kwetu ni kauli ya msibani. Riziki ya mtu imeandikwa, siku yake iliandikwa, ndoa ile hakuandikiwa. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi kwa kuwa anajulikana na hukumu yake haikatiwi rufaa. Kauli hiyo ina huruma ndani yake: humwondolea aliyefiwa mzigo wa kujiuliza angefanya nini. Lakini ukichukua kitenzi hicho hicho, pamoja na uzito wake wote wa kadari, kisha ukampachika mtendaji mwingine, yaani mama aliyekosa chakula, hukumu inabaki vile vile isiyofutika, ila sasa ina mshitakiwa. Ndicho alichokifanya yule wa sauti ya WhatsApp, na ndicho nilichokikamilisha mimi.

Kwa hiyo nimeamua kuihakiki slaidi ile kama ambavyo mtu angehakiki shairi: kuuliza kila neno linafanya kazi gani, na kama vitu vinavyozungumziwa vinakubaliana nalo.

Kwanza, kuna wasanii wa sitiari hii walio bora kuliko slaidi. Nessa Carey, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu mapinduzi ya epijenetiki, anafananisha DNA na muswada wa tamthilia. Anachukua Romeo na Juliet na filamu mbili zilizotokana nayo, ile ya George Cukor ya 1936 na ile ya Baz Luhrmann ya 1996. Maneno ni ya Shakespeare katika zote mbili, na bado ni filamu mbili zisizofanana hata chembe. Mfano huu naupenda kwa sababu moja mahususi: mwandishi amekwisha kufa. Kilichobaki ni uamuzi wa wanaoigiza, na wala alama za pembeni ya ukurasa hazidai kuwa na ujumbe wao wenyewe. Ninachokilalamikia ni mwongozaji. Filamu ina mtu mmoja aliyeitaka iwe hivyo. Seli haina mtu wa namna hiyo, na kila inapogawanyika inalazimika kuanza upya kazi ya kukumbuka ilikuwa seli ya nini.

Wa pili ni Siddhartha Mukherjee, daktari wa saratani anayeandika kwa lugha ambayo wengi wetu maabara tunaionea wivu. Mwaka 2016 alichapisha katika jarida la The New Yorker insha inayoanzia kwa mama yake na pacha wa mama yake, watu wawili wenye jeni zile zile na maisha yaliyoachana njia. Wanasayansi kadhaa walimkosoa hadharani. Lawama yao ilikuwa kwamba alizipa alama za juu ya DNA kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya protini nyingine, zile zinazoshika DNA kwa kuzitambua herufi zake na kuwasha au kuzima jeni moja moja. Walikuwa na haki. Lakini mimi naona kosa lile lilikuwa la kifasihi kabla ya kuwa la kisayansi. Hadithi ya mapacha hudai kovu, kitu ambacho maisha yamekiacha mwilini na ambacho msimulizi anaweza kukiwekea kidole. Protini inayokuja, ikashika, ikaondoka, haimfai msimulizi. Alama inamfaa. Kalamu ikiwepo, hadithi hujipanga yenyewe.

Sasa tuzitazame protini zenyewe.

Alama tunayoizungumzia ni kitu kidogo mno: kaboni moja na haidrojeni tatu, kundi liitwalo methili, linalobandikwa kwenye herufi C ya DNA. (Kila nikiandika methili, simu yangu hunisahihisha kuwa mithili, na kwa mada hii nashindwa kuikasirikia.) Katika mamalia, C inayotiwa methili kwa kawaida ni ile inayofuatwa na G. Jenomu ya binadamu ina sehemu za namna hiyo takribani milioni 28, na nyingi kati yake zina methili. Uzuri uko hapa: C ikifuatwa na G kwenye uzi mmoja wa DNA, uzi wa pili nao, ukisomwa kwa upande wake, una C ikifuatwa na G mahali pale pale. Kwa hiyo alama inaweza kukaa pande zote mbili, zikitazamana.

Seli inapojigawa, nyuzi mbili huachana na kila mmoja huundiwa mwenzake mpya. Mpya hauna methili. Hapo ndipo DNMT1 huingia: hupita pale ambapo uzi wa zamani una alama na uzi mpya hauna, na kuujaza. Basi. Robin Holliday na John Pugh, na kwa upande wake Arthur Riggs, walilifikiria jambo hili mwaka 1975 kwa hoja tupu, kabla protini yenyewe haijajulikana. Timothy Bestor na wenzake walipata jeni yake kwa panya mwaka 1988. Mwaka 1992 ilionekana kwamba viinitete vya panya vilivyoharibiwa jeni hiyo hufia tumboni katikati ya mimba.

Hii si kazi ya mwandishi. Ni kazi ya kunakili, tena yenye uzito wa kufa na kupona. Lugha yetu ina jina la mtu wa aina hii: karani. Watu walionakili misahafu kwa mkono katika pwani hii hakuna aliyewaita watunzi wake. Karani hatungi; hutazama daftari la jana na kulihamishia kwenye daftari la leo, na thamani yake yote imo katika kutoongeza lake. Kumweka DNMT1 chini ya kalamu si uongo, kwa maana kalamu anayo. Lakini anayesikia neno mwandishi anauliza alitaka kusema nini, wakati anayesikia neno karani anauliza kama amenakili sawasawa. Swali la pili ndilo la kibiolojia.

Tena karani huyu hafanyi kazi peke yake. Mwaka 2007 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba protini nyingine, UHRF1, ndiyo inayozitambua sehemu zenye alama upande mmoja tu na kumleta DNMT1 hapo. Aliyesoma chuoni utotoni atakumbuka kijiti cha kuonyeshea herufi, kisiposogezwa na macho hayasogei. UHRF1 ni kijiti hicho. Kwenye slaidi nilizoziona, mara huwekwa chini ya miwani, mara haipo kabisa. Bila yake kalamu haijui iende wapi.

Walio karibu zaidi na jina la uandishi ni DNMT3A na DNMT3B, kwa kuwa wanaweza kuweka alama pale ambapo haikuwepo. Panya asiye na DNMT3B hufia tumboni; asiye na DNMT3A huzaliwa, akadumaa, na kufa baada ya kama wiki nne. Haya yalichapishwa mwaka 1999. Lakini hata hawa, kabla ya kuweka chochote, hupapasa protini ambazo DNA imezungushiwa, yaani histoni. Wakikuta dalili fulani ya kikemikali inayoambatana na mianzo ya jeni zinazofanya kazi, hawashiki. Yaani husoma kwanza. Kwa sehemu kubwa wanafika mahali ambapo kumekwisha kunyamazwa, na wao huja kufunga mlango ambao wengine wameurudisha.

Halafu yupo DNMT3L, ambaye ndiye ninayempenda kuliko wote kwa jinsi anavyoivuruga slaidi. Ana sura ya familia lakini hana uwezo wa kubandika methili. Hana kalamu. Hata hivyo, watafiti waliomwondoa kwa panya mwaka 2001 waliona kwamba mayai ya panya jike hukosa zile alama maalumu za upande wa mama, na viinitete vinavyotokana na mayai hayo hufa. Madume nao huwa tasa. Asiye na kalamu, na bila yeye hakiandikwi kitu. Sitiari inayomwacha mtu kama huyu nje inapaswa kujieleza.

Upande wa kifutio mambo ni mabaya zaidi. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba TET1 huigusa methili na kuiongezea oksijeni, ikawa kitu kingine: haidroksimethili. Miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba TET wanaweza kuendelea, wakaibadilisha tena na tena, hadi protini nyingine iitwayo TDG inapoikata herufi nzima na seli kuziba pengo kwa C mpya isiyo na kitu. Sasa huku ni kufuta? Mtu aliyekosea neno kwenye daftari, akalipaka rangi, akaikoza rangi, kisha akamwita mwenzake akate kipande cha karatasi na kukiziba, hatuwezi kusema amelifuta. Na ule mwaka wa 2009 haidroksimethili ilikutwa kwa wingi katika seli kubwa za ubongo wa panya ziitwazo Purkinje, seli zisizogawanyika tena. Haikuwa njiani kwenda kufutika. Ilikuwa imekaa. Huenda kwa seli hizo ni alama kamili yenye kazi yake, na hapo mfutaji amekuwa mwandishi.

Nikifika hapa, wenzangu wa maabara huniambia kwamba nawaonea: kila sitiari huvunjika ukiibana, na slaidi ni slaidi. Nakubali. Tena nakiri kwamba kuna mahali ambapo sitiari hii inafanya kazi kwa namna ambayo sijui kama lugha nyingine yoyote ingeifanya, nako ni kwenye miwani.

MeCP2 ilitambuliwa mwaka 1992 katika maabara ya Adrian Bird, kule Edinburgh, kama protini inayoishika DNA yenye methili. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi, Houston, ilitoa habari kwamba jeni ya protini hiyo ndiyo iliyoharibika katika ugonjwa wa Rett. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina la Andreas Rett, daktari wa watoto wa Vienna aliyeueleza mwaka 1966. Huwapata zaidi wasichana, takribani mmoja katika kila elfu kumi. Mtoto huanza vizuri. Hukaa, hushika vitu, hutamka maneno yake ya mwanzo. Kisha, kati ya miezi sita na kumi na minane hivi, maendeleo husimama, maneno hupotea, na mikono iliyokuwa ikishika vitu huanza kujisugua bila kukoma.

Mpwa wangu si mgonjwa wa Rett. Ni mvulana, na maneno machache aliyoyapata hajayapoteza. Nautaja kwa sababu ya jaribio la mwaka 2007. Watafiti wa maabara ya Bird waliwatengeneza panya ambao jeni yao ya MeCP2 ilikuwa imezibwa kwa namna inayoweza kuzibuliwa. Panya wakakua, wakaugua, wengine wakafika karibu ya kufa. Kisha jeni ikazibuliwa. Wengi wa wale panya wazima, waliokwisha kuonyesha dalili, walipata nafuu kubwa: wakatembea, wakapumua vizuri, wakaishi.

Huko ndiko sitiari inakolipa deni lake. Methili zilikuwa mahali pake muda wote. Hakuna aliyeziandika upya, hakuna aliyezifuta. Aliyekosekana ni msomaji, na msomaji aliporudi alikuta kitabu kiko wazi kwenye ukurasa ule ule. Ukiwa na neno lingine, tuseme kufuli na ufunguo, huwezi kulisema jambo hili kwa ukamilifu, kwa kuwa msomaji hafungui tu. Anahitajika awepo kila siku, na kwa kiasi. Kwa kiasi, maana wavulana waliozaliwa na jeni hiyo maradufu nao hupata ulemavu mzito wa ubongo. Dawa iliyowaponya panya ikizidi kipimo ni ugonjwa mwingine. Panya si watoto, na njia kutoka kwa jaribio lile hadi hospitalini imekuwa ndefu. Lakini swali lenyewe, kama ubongo uliokosa msomaji umeharibika au unasubiri, lilipata jibu ambalo wachache walilitarajia.

Angalia basi jinsi ilivyopindana. Neno la kweli zaidi katika slaidi, msomaji, ndilo ambalo sauti ya WhatsApp haikulitaja. Neno legevu zaidi, mwandishi, ndilo lililofika Tanga.

Na ushahidi ambao watu wa sauti zile huutegemea, ukiusoma wenyewe, ni mnyenyekevu kuliko wanavyousimulia. Mfano unaotajwa kila mara ni ule wa Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipoziba njia za chakula na watu wa magharibi mwa nchi wakafa njaa. Mwaka 2008 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya watu 60 ambao mimba zao zilitunga wakati wa njaa ile, wakiwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja na jinsia moja ambao hawakupitia njaa hiyo tumboni. Walipima methili kwenye jeni iitwayo IGF2, miongo sita baadaye. Tofauti ilikuwepo. Kwa wastani, walioguswa na njaa walikuwa na methili asilimia 48.8, na ndugu zao asilimia 51.5.

Nazirudia namba hizo kwa makusudi. Hiyo ndiyo inayoitwa maandishi. Kila herufi moja katika seli moja ama ina methili au haina. Kinachopimwa ni wangapi katika umati. Umati mmoja una 49 kwa mia, mwingine 52. Ni ugunduzi wa kweli na wa kustaajabisha, kwamba wiki chache za mwaka 1944 zinaweza kuonekana katika damu ya mzee wa miaka sitini. Lakini huwezi kumchukua mzee mmoja, ukampima, na kusoma kwamba mama yake alilala njaa. Na katika utafiti ule ule, waliopata njaa mwishoni mwa mimba walizaliwa wadogo, lakini methili yao kwenye jeni hiyo haikutofautiana na ya ndugu zao.

Karibu zaidi na kwetu ni Gambia. Vijijini kule, msimu wa mvua ndio msimu wa njaa na kazi nyingi shambani, na msimu wa kiangazi ndio wa mavuno. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2010 na 2014 zilionyesha kwamba watoto ambao mimba zao zilitunga msimu wa mvua wana methili zaidi, katika sehemu fulani za jenomu, kuliko wa kiangazi. Zaidi, si pungufu kama ilivyokuwa Uholanzi. Sehemu zilizopimwa ni tofauti, chakula ni tofauti, kwa hiyo hakuna mgongano. Lakini anayesema kuwa njaa huandika anapaswa kutuambia mwandiko wake ukoje, maana hapa na pale haufanani.

Kuna jambo lingine ambalo sauti ile haiwezi kulitaja bila kujivunja yenyewe. Muda mfupi baada ya yai kurutubishwa, sehemu kubwa ya methili zilizotoka kwa baba na mama huondolewa, isipokuwa chache zinazolindwa. Kiinitete kikijishikiza kwenye mfuko wa uzazi, DNMT3A na DNMT3B huweka mpya. Usafishaji mwingine hufanyika baadaye katika seli zitakazokuwa mbegu na mayai ya kizazi kijacho. Ikiwa haya ni maandishi, basi ni ya ubaoni, na ubao hufutwa kila asubuhi kabla darasa halijaingia.

Nimejaribu kutafuta sitiari yangu. Nilianza na irabu, kwa kuwa nililelewa nazo. Katika Kiswahili cha herufi za Kiarabu, konsonanti zinaweza kubaki zile zile na vijistari vya juu na chini ndivyo humwambia msomaji atamke nini. Hatusemi kwamba mtu ameandika irabu. Tunasema ametia irabu, na kitenzi hicho, kutia, ndicho bora nilichokipata katika kazi hii yote. DNMT hawaandiki methili. Wanatia methili. Aliyetia si mtunzi, na kilichotiwa kinatoka.

Kisha nikaona kwamba methili, mahali inapojulikana zaidi, yaani mwanzoni mwa jeni, hainyanyui sauti bali huizima. Kwa hiyo si irabu yoyote. Ni sukuni, kile kiduara kinachosema herufi hii ipo lakini usiipe sauti. Nilifurahi nayo kwa wiki nzima. Mwenzangu mmoja akanikumbusha kwamba ndani ya mwili wa jeni, mbali na mwanzo wake, methili hupatikana kwa wingi hata kwenye jeni zinazosomwa kwa bidii. Sukuni ikaishia hapo. Nimebaki na kutia na karani.

Nilimpigia dada tena. Sikuwa na slaidi. Nilimweleza habari ya karani, na ya ubao, na nikamtajia zile namba mbili za Uholanzi. Alinitaka nizirudie. Nikamwambia pia kwamba uzito wa mtoto na kuchelewa kwake kusema ni mambo ya kupelekwa kwa daktari wa watoto na mtaalamu wa usemi, na kwamba hakuna kipimo cha methili kitakachomwambia kilichotokea katika mimba ile. Nilimwambia njaa ni kitu kibaya kwa mjamzito bila kuhitaji protini yoyote kuithibitisha, na kwamba njaa ile haikuwa uamuzi wake.

Alikuwa akipika, nilisikia mwiko ukigonga sufuria. "Na huyo karani wako," aliuliza, "hachoki?"

Nikamwambia huchoka. Kadiri mtu anavyozeeka methili huyumba, nyingine hupotea, nyingine hutokea pasipo mahali pake, kiasi kwamba watu hukadiria umri wa mtu kwa kuzipima. Akacheka, akasema basi kumbe naye ni mwajiriwa kama wengine. Halafu akamwita mtoto aje aongee na mimi. Nilimsikia akivuta pumzi karibu na simu kwa muda, kisha akasema neno moja kati ya yale kumi, nalo lilikuwa "maji", na dada akaondoka kwenda kumpa.